Mtandio Niliomfunga Paskalina Shingoni

Nina miaka thelathini na nane, mkulima wa Mogitu, Hanang. Ndugu wasomaji, msinionee huruma. Huruma hiyo mpeni mke wangu, Paskalina.

Tukilima, yeye huwaongoza ng'ombe mbele, mimi nashika jembe nyuma. Asubuhi hiyo ng'ombe walipinda, wakaharibu mistari. Nikamfokea. Akanijibu, "Shika jembe vizuri, usinisingizie!" Jirani aliyekuwa akipita akacheka.

Kicheko kile! Niliacha jembe nikamkaba koo kwa mikono miwili, nikamtikisa huku namtukana hadi macho yakamtoka. Jirani alinitwanga fimbo mgongoni ndipo nikamwachia.

Jioni alilalamika shingo na kichwa, upande wa kushoto. Kesho yake jicho la kushoto likalegea, halifunguki vizuri. Nikaogopa... lakini niliogopa polisi kuliko nilivyomwogopea yeye! Nikamwita mzee anayechua watu kwa mafuta ya kondoo. Nikamdanganya kwamba mama watoto ameanguka na ndoo ya maji. Naye, masikini, akaivuta shingo ile, akaizungusha mpaka ikaalika. Paskalina alipiga ukelele, kisha maneno yakamkatika. Mkono na mguu wa kulia vikalegea kabisa.

Hospitali ya kwanza daktari aliuliza kama amepigwa shingoni. Nikasema hapana, ameamka hivi hivi tu. Alama za vidole vyangu nilikuwa nimezifunika kwa mtandio wake. Nilimfunga mwenyewe! Wakamtibu presha siku mbili, mimi nimekaa pembeni kimya. Ni mtu gani mimi?

Hali ikazidi kuwa mbaya, tukapewa rufaa hospitali kubwa. Nesi akaufungua ule mtandio. Daktari akaniangalia mikono, si uso. "Nani kamkaba?" Nikaangua kilio, nikasema ni mimi.

Kipimo kilionyesha kwamba mshipa mkubwa wa shingo, ule unaopeleka damu kwenye ubongo, umechanika ukuta wa ndani. Damu ilikuwa imejipenyeza humo, mshipa ukavimba kama puto. Bonge moja la damu lilikuwa limeshapanda kichwani, ndilo lililomlegeza mkono na mguu; likipanda lingine, amekwisha! Walipitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa paja mpaka shingoni, wakaweka stenti, kibomba kidogo cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa usizibe. Nilikaa kwenye benchi nje nikimwomba Mungu aninyonge mimi.

Akapona... nusu. Daktari aliniambia kwamba ningesema ukweli siku ya kwanza, huenda na mkono ule wangeuokoa.

Baba mkwe akaja kutoka Dongobesh. "Shikamoo baba." Hakuitikia. Akamwuliza binti yake anataka kwenda wapi. Paskalina alikuwa hajatamka neno tangu alipochuliwa. Akahangaika na ulimi wake, jasho likimtoka. "Kwe... kwetu." Nilisogea nimbebe. Akainua ule mkono mmoja mzima, akaifunika shingo yake.

Nipo nje kwa dhamana, na mahakamani sitakana kitu. Wanaume wenzangu, nawasihi! Hasira ikikupanda, achia jembe uondoke shambani. Na kama umeshamuumiza mtu, sema! Shingo iliyokabwa haichuliwi, mkimbizeni hospitali, na daktari aambiwe ukweli wote.

Msimu huu nalima peke yangu. Ng'ombe wanakwenda hatua mbili, wanasimama, wanamsubiri mtu wa mbele.