Mvua Katika Mashua ya Marselino

Godoro lilikuwa limelowa upande mmoja tu, upande wa mtoto. Siwema alipitisha kiganja kuanzia miguuni hadi kichwani, akakuta alipolala yeye ni pakavu, alipolala mumewe ni pakavu, na pale katikati yao, alipolala Shadia wa miezi saba, pamelowa kiasi kwamba ukibonyeza maji yanatoka. Mvua ilikuwa imepita alfajiri. Aliinua macho kwenye turubai. Lilikuwa mahali pake, limekazwa, halina tundu hata la sindano.

Akanusa kiganja chake. Maji yale hayakunuka mvua, wala hayakunuka ziwa. Yalinuka mafuta ya nywele, yale mazito waliyopaka wanawake wa zamani.

Alimwambia mumewe kwamba godoro limelowa. Habari ya harufu akakaa nayo mwenyewe.

Nasri alikuwa fundi wa mashua pale kijijini Katonga, na hakuna lililomuumiza kama kuambiwa kwamba chombo alichokiziba kwa mikono yake kinavuja. Walikuwa wamehamia humo mwezi wa kumi, baada ya ziwa kupanda na kuila nyumba yao ya ufukweni, ukuta mmoja leo na mwingine wiki ijayo, hadi asubuhi moja walipoteremsha miguu kitandani wakakanyaga maji. Mashua hiyo ndogo ya tanga, iliyotia nanga karibu na ufukwe, ilikuwa ya marehemu Marselino. Mjane wake, Mama Melania, aliwaruhusu wakae humo mpaka watakapopata pa kwenda, na hakutaka malipo. Mbele ilikuwa na kibanda cha mbao cha kulala watu wawili wakijibana. Nyuma palikuwa wazi, ndipo walipoweka jiko. Nasri aliziba upya kila ufa wa mbao kwa pamba na lami, akajaza silikoni kwenye viungo vya paa, kisha akafunika chombo chote kwa turubai la bluu. Kamba za turubai alizifungia ndani ili upepo usizichezee. Aliyelala humo tu ndiye angeweza kuzifungua.

Aliyafanya yote hayo kwa ajili ya Shadia. Mtoto alikuwa ametoka kuugua nimonia, na daktari aliwaambia waziwazi kwamba akilala tena penye unyevu, yeye hawaahidi kitu.

Mvua ya pili ilikuja mchana, siku ya Jumanne, wakati Siwema yuko ufukweni anageuza dagaa aliowaanika. Alikusanya alichoweza, akavuka maji ya kiunoni hadi kwenye mashua, akapanda. Nasri alikuwa amelala fofofo kando ya mtoto. Fundo moja la turubai lilikuwa limefunguka, pembe imening'inia ndani, na Shadia amelowa chapachapa, midomo imekuwa ya baridi, lakini halii. Alikuwa ametulia kama mtoto aliyeshiba.

Nasri alipoamshwa aliapa kwamba hakugusa kamba. Alisema labda Siwema alifunga vibaya alipotoka. Siwema akamjibu kwamba alipotoka hapakuwa na mvua, na kwamba kamba alifunga yeye Nasri. Waligombana kwa sauti za chini, maana mashua za jirani zilikuwa karibu, na tangu siku hiyo kila mmoja akaanza kumchunga mwenzake.

Nasri alifikiri hivi. Mkewe alichukia kuishi majini tangu siku ya kwanza. Alitaka wahamie nchi kavu, kwa mama yake kule Mwandiga, yeye Nasri akakataa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ziwani. Sasa huenda anamwaga maji kitandani kwa makusudi, ili amlazimishe. Aliona aibu kuwaza hivyo juu ya mama wa mtoto wake, lakini aliendelea kuwaza.

Siwema naye alikuwa na yake. Alinusa shati la mumewe, akanusa mto, akanusa hata kamba. Harufu ya mafuta ilikuwa kote. Aliona jinsi ilivyo rahisi: yeye akishakwenda kuanika dagaa, mwanamke fulani anavuka maji, anapanda, na akiondoka hajui kufunga turubai vizuri. Alianza kuwatazama vichwa wanawake wa ufukweni, mmoja mmoja.

Kisha Nasri akafunga turubai kwa fundo la wafuma nyavu, gumu, ambalo pale ndani alilijua yeye peke yake. Mvua ilinyesha alfajiri ya Ijumaa. Walipoamka fundo lilikuwa limefunguliwa taratibu, bila kukatwa, na kamba imekunjwa vizuri ikawekwa pembeni. Mtoto alikuwa amelowa, na kikohozi kimerudi.

Nasri aliitazama mikono ya mkewe. Siwema naye aliitazama ya mumewe, akaona ncha za vidole vyake zimekunjamana na kuwa nyeupe, kama za mtu aliyefua nguo kutwa nzima.

Alimfunga Shadia mgongoni akaenda hadi soko la Mwanga, kwa Mama Melania.

Mjane alikuwa akipanga chupa za mawese mezani. Siwema alimwamkia, akaulizwa habari za mtoto, akajibu kwa machozi. Akaeleza yote, na alipofika kwenye harufu, Melania aliacha kupanga chupa.

"Ni mafuta ya nywele?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Melania alimvuta nyuma ya meza yake. Alisema kwamba marehemu mumewe alikuwa akihamia kwenye mashua ile kila msimu wa mvua, na kumkataza yeye Melania kabisa asikanyage humo. Miaka tisa aliamini kwamba Marselino ana mwanamke. Siku moja alikwenda mvua ikinyesha, akiwa ameshika mchi, amfumanie. Alimkuta peke yake. Turubai alikuwa amelifunua lote, ameketi analowa, na mkono wake mmoja unapapasa hewa mbele yake, juu kwenda chini, kama mtu anayechana nywele.

"Alikufa kiangazi, nyumbani, kitandani pakavu," alisema Melania. "Hospitali walipoupima mwili wakaniambia mapafu yamejaa maji. Nikasema mambo yake yameisha naye. Nisamehe, mwanangu. Niliona mnataabika na mtoto, nikasema angalau chombo kitawafaa."

Alimshauri wasilale humo tena hata mara moja. Siwema alirudi Katonga mbio ili amwambie mumewe wafungashe vitu kabla wingu halijafika. Lakini saa tisa wingu lilikuwa limeshavuka kutoka milima ya Kongo, ziwa limekuwa la rangi ya risasi, na Nasri alimpokea kwa uso mkavu akamuuliza alikuwa kwa nani. Siwema akaona kwamba akimtaja Marselino sasa hivi ataonekana anatafuta kisingizio kingine cha kuhama. Akasema amechoka. Akajilaza, akamweka mtoto katikati, akafumba macho nusu. Alitaka aone kwa macho yake.

Mvua ilipoanza kupiga turubai, Nasri alikuwa ameketi akikunja nguo. Akaacha kukunja. Akainuka, macho yake wazi lakini hayatazami chochote, akaenda kwenye fundo lake gumu akalifungua kwa vidole viwili bila kuliangalia, akakunja kamba akaiweka pembeni, akainua pembe ya turubai kama mwenye nyumba anayemwinulia mgeni pazia.

"Ingia," alisema, kwa upole ambao Siwema hakuwahi kuusikia kwake. "Yeye amelala."

Na mvua ikaingia. Haikuingia kwa matone wala kwa upepo, iliingia imeinama, kama mtu mrefu anayepita mlango mfupi, ikanyooka ndani, ikapita juu ya jiko bila kulilowesha, na harufu ya mafuta ikajaa kibandani mpaka Siwema akaihisi kooni, akataka kupiga kelele na sauti haikuja, akataka kunyanyua mkono na mkono ukawa mzito kama nanga, huku akiona godoro linabonyea pale kando ya mtoto, linabonyea taratibu kama linavyobonyea mtu mzima akikaa, na Shadia akafumbua macho, akageuza uso kuelekea palipobonyea, akafungua mdomo kama anavyoufungua anapopewa ziwa la mama, akaanza kumeza, na kila alipomeza kifua chake kidogo kilitoa mlio wa maji.

Mlio huo ndio uliomfungua Siwema. Alimnyakua mtoto, akampita mumewe, akaruka nje ya mashua. Mawimbi yalimfika kifuani. Alimnyanyua Shadia juu ya kichwa akatembea hivyo hadi mchangani, akamlaza kifudifudi juu ya paja akampiga mgongo. Mtoto alitapika maji, mengi kuliko tumbo lake, kisha akalia. Nyuma yao Nasri alikuwa amesimama palepale kwenye mvua, ameshika pembe ya turubai.

Wavuvi walimtoa kwa nguvu, wakampeleka Ujiji kwa Bi Elida, mama wa asili ya Kongo aliyejua mambo ya ziwa. Bi Elida alimfunika shuka jeupe, akamfukiza ubani, akamsemesha kwa saa nzima. Mwishowe ilijibu sauti ya mwanamke, ikitoka kinywani mwa Nasri, ya chini na isiyo na haraka.

"Sijamdhuru mtoto. Nilikuwa namnyonyesha."

"Shuka," alisema Bi Elida.

"Nishukie wapi? Marselino alinifungulia. Huyu alikuja akaziba kila mahali. Nimekaa nje na mvua nikimbembeleza mpaka akanifungulia naye."

"Utarudishiwa chombo chako, hakitazibwa tena. Huyu ana mke. Shuka."

Sauti haikujibu. Nasri alitetemeka sana, akalala usingizi wa siku mbili. Alipoamka hakukumbuka kitu ila kiu. Siwema alimsimulia yote, naye akakiri aliyokuwa akimshuku, wakaombana radhi. Kwa maelekezo ya Bi Elida mashua ilivutwa hadi kwenye kina kirefu, bila turubai, ikajazwa mawe ikazamishwa. Shadia alitibiwa akapona. Wakapata chumba Mwanga, cha bati zima, jirani na mshonaji mmoja aitwaye Recho.

Lakini Siwema hakuweza kulala mvua ikinyesha. Aliketi akiitazama mikono ya mumewe hadi mvua ikatike. Nasri alivumilia, kisha siku moja akamwambia kwa huzuni kwamba mtu hawezi kuishi akichungwa namna hiyo. Wakapatana kwamba msimu wa mvua ukianza, mama na mtoto watakwenda Mwandiga, na kiangazi watarudi. Walifanya hivyo mwaka wa kwanza, pakawa salama. Mwaka wa pili pia.

Mwaka huu Siwema alirudi mwishoni mwa mwezi wa tano. Alishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba, Shadia amemshika mkono, sasa anatembea na kusema. Recho aliacha cherehani akaja kuwasalimu, akabeba mfuko mmoja, akamsifu mtoto kwa kukua. Kisha akasema kwamba wifi yake Siwema ni mtu mzuri, ila haongei.

"Wifi yupi?" aliuliza Siwema.

"Dada yake Nasri. Aliyekuja kumtunza ulipoondoka."

Nasri hakuwa na dada. Siwema alimuuliza, kwa sauti ndogo, mgeni huyo alikuja lini.

"Siku ya mvua ya kwanza. Alikuja mikono mitupu, kalowa, nywele zimemfika kiunoni. Nilimpa kanga ajifute, hajanirudishia mpaka leo."

"Na ameondoka lini?"

Recho aliutazama mlango wa chumba chao, kisha akamtazama Siwema, kama aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Sijamwona akiondoka," alisema.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Kutoka ndani ikasikika sauti ya Nasri, imechangamka, ya mtu mwenye afya.

"Mmefika? Ingieni basi. Tumewasubiri sana."

Siwema alimnyanyua mtoto akampakata, ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, akageuka kumpungia mwenye bajaji asiondoke.