Viluwiluwi vya Mbu na Viluwiluwi vya Chura

Nyumbani kwa Nzioki, pale Kimbo karibu na Ruiru, asubuhi huanza kwa chai na kujikuna. Chai hupikwa na Syombua, mkewe. Kujikuna hakuna mpishi. Kila mtu hujikuna mwenyewe, kwa sababu ya mbu.

Aliyeumia zaidi alikuwa Mbinya, binti yao mdogo. Alijikuna hadi miguu ikawa na vidonda. Walimpeleka kliniki, akapimwa. "Si malaria," nesi alisema, "lakini vidonda hivi vinaingia uchafu. Punguzeni mbu."

Sasa, Syombua hulima nduma, yaani magimbi. Nduma hupenda maji, kwa hivyo zake humea kwenye kidimbwi nyuma ya nyumba. Huziuza zikiwa zimechemshwa, kwenye steji ya matatu. Kazi ya Nzioki ikikosekana, kidimbwi hicho ndicho hulisha nyumba.

Jumapili, mhudumu wa afya alisimama kanisani. "Mbu wamezidi," alisema. "Angalieni maji yaliyosimama. Mkiona viluwiluwi vya mbu, malizeni."

Nzioki ni mtu mzuri, lakini husikia nusu ya maneno kisha huinuka. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kidimbwini. Akainama. Viluwiluwi vilikuwa vimejaa tele.

"Haiya! Kumbe wanatoka hapa!" alisema.

Nzioki ni fundi wa magari Ruiru mjini. Kwa fundi wa magari, dawa ya kila kitu ni oili. Mlango ukilia, oili. Mchwa wakipanda nguzo, oili. Kesho yake alirudi kutoka gereji na mtungi wa oili chafu, nyeusi tititi.

"Unaipeleka wapi hiyo?" Syombua aliuliza.

"Kidimbwini. Leo wanakwisha wote."

"Woi! Na nduma zangu?"

"Utapanda zingine."

"Nitapanda wapi, Baba Mbinya? Udongo ukishakunywa oili, hata nyasi haimei!"

"Basi chagua, Mama Mbinya. Nduma ama mtoto?"

Mama gani atachagua nduma? Machozi yalimlengalenga Syombua. Akasogea kando, mumewe apite.

"Nzioki! Weka mtungi chini!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Alikuwa Mwalimu Wakonyo, jirani yao, anayefundisha sayansi shule ya upili. Alikuwa akianika nguo, na ua wa mabati hauzuii maneno.

"Mwalimu, hii ni vita ya mbu," Nzioki alisema.

"Sawa. Lakini umemtambua adui? Nipeni bakuli jeupe."

Aliingia, akachota maji ya kidimbwi polepole, akaliweka bakuli juani.

"Haya, niambie vina umbo gani."

Nzioki alikodoa macho. "Mwili wa mviringo. Mkia bapa, kama wa samaki."

"Hao ni watoto wa chura. Hawa weusi, wadogo, wanaotembea kwa makundi, mama yao ni yule chura wa vipele, anayekaa chini ya taa akikamata wadudu. Mayai yake hufuatana kama shanga kwenye uzi."

"Na huyu?" Syombua aliuliza, akifuta macho. "Mwili wake unaonekana hadi ndani. Na ana ndevu mbili! Si huyu ni kambare?"

"Wengi hudanganyika hapo. Huyo pia ni wa chura, lakini chura mwingine, yule anayeishi majini siku zote. Anateleza kama sabuni. Miguu yake ya nyuma ina kucha nyeusi."

"Namjua! Hunikwaruza nikivuna nduma!"

"Basi mwache akukwaruze. Anakula viluwiluwi vya mbu. Oili yako ingemuua, Nzioki, na mbu wangefurahi."

Nzioki alijikuna shingo. "Lakini kanisani walisema viluwiluwi."

"Jina ni moja, watoto ni wawili. Wa chura huitwa viluwiluwi, na wa mbu huitwa hivyo hivyo. Mhudumu alisema vya mbu. Hapa sijaona hata kimoja. Mna maji mengine?"

"Kuna pipa la mvua," Syombua alisema. "Lina vidudu vidogo. Nilidhani ni vyura wachanga, nikavihurumia."

"Ngai! Twende."

Pipa lilikuwa chini ya dirisha la Mbinya. Mwalimu Wakonyo alisogeza kipande cha bati kilicholifunika nusu. Vidudu vyembamba vilining'inia kutoka uso wa maji, vichwa chini. Kivuli chake kilipoanguka, vyote vilijipinda pinda vikazama.

"Hivi ndivyo vya mbu," alisema. "Vyembamba, havina mkia bapa. Vinapanda juu kupumua, na vinapumulia nyuma."

"Nyuma wapi?" Syombua aliuliza.

"Nyuma huko huko."

Syombua aliangua kicheko, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Vya mbu wa malaria havining'inii," mwalimu aliendelea. "Hulala juu ya maji kama vijiti. Navyo viueni. Mkikosa kujua, ngojeni kidogo tu. Cha chura kitaota miguu ya nyuma, kisha ya mbele, halafu mkia uishe. Cha mbu kitaruka kikuume."

Nzioki alipindua pipa. Alilisugua ndani, kwa sababu mayai ya mbu hushika kwenye ukuta wa pipa, kisha akalifunika kwa kitambaa na kukaza kamba. Nyuma ya choo wakakuta tairi zake kuukuu alizoleta kutoka gereji. Zilijaa maji, na viluwiluwi vya mbu vilijaa pomoni. Nzioki alizimwaga moja moja, kichwa chini kwa aibu.

"Na neti ya mtoto?" mwalimu aliuliza.

Mume na mke walitazamana. Neti ilikuwa imefunika vifaranga.

Neti ilifuliwa ikarudi kitandani. Oili ilirudi gereji. Tangu hapo, kila Jumamosi, Nzioki humwaga maji yote yaliyosimama, na hukagua kidimbwi kwa bakuli jeupe. Majirani wakimcheka, huwaita waje watazame.

Mbu hawakuisha kabisa, lakini walipungua sana. Vidonda vya Mbinya vilikauka.

Asubuhi moja Syombua alivuna, akachemsha, akamenya nduma iliyoiva vizuri. Akaipuliza, akampa Mbinya na chai. Mtoto aliimaliza, akanyoosha mkono kuomba nyingine.

"Kula, mama," Syombua alisema, akimpa. Moyo wake ulikuwa umetulia. Mtoto alikuwa naye, na nduma alikuwa nazo.