Mita Ishirini na Mbili

Wakati huo hakuna aliyetembea na simu mfukoni. Siku ya soko, Juni 1996, foleni ya ofisi ya ujenzi ya baraza la mji, Migori, ilitoka nje hadi kwa wauza nyanya. Machuki, fundi wa redio, alifika dirishani saa tano na nusu, shati la kaki limelowa mgongoni, ramani kwapani.

Ndani aliketi Phelesia, karani wa vibali: blauzi nyeupe, sketi ya buluu yenye marinda, mwandiko uliolala kulia kama nyasi kwenye upepo.

"Ni mlingoti wa redio," alisema Machuki. "Kampuni yetu inanunua samaki Homa Bay. Tunataka kuongea na stoo ya hapa."

"Urefu?"

"Mita thelathini."

"Nyumba ya jirani iko umbali gani?"

"Mbali kidogo."

"Kidogo si kipimo, bwana. Mlingoti ukianguka, usifikie nyumba ya mtu. Umbali usipungue urefu. Na tangazo likae ukutani siku ishirini na nane, majirani wapinge wakitaka."

"Na karani akipinga?"

"Karani hana maoni. Anayefuata!"

Alirudi mara tatu, kila mara fomu ikipungukiwa kitu. Mara ya tatu Phelesia alitambua kwamba anaiacha wazi makusudi, akacheka. Kuanzia hapo, Machuki akiwa Homa Bay, waliandikiana; barua zilisafiri na dereva wa lori la samaki na zilinuka hivyo. Jumamosi walikunywa chai. Jumamosi moja Machuki alikiri kwamba msingi wa mlingoti ulikuwa umeshamwagwa zege, mita ishirini na mbili tu kutoka nyumba ya Mama Kultum, muuza vitambaa.

"Bosi amesema mlingoti usiposimama kufikia mwisho wa Agosti, kazi yangu imekwisha. Na bila kazi, jaber, mrembo wangu, nitakuja kwenu na nini?"

"Hamisha msingi, Machuki."

"Zege imeshakauka."

"Zege kukauka si kibali."

Siku ya ishirini na sita ya tangazo pingamizi likaingia. Kampuni ilitumiwa nakala ya ukurasa wa kwanza: *mlingoti huo uko mita ishirini na mbili kutoka ukuta wangu.* Kipimo hicho Machuki alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Na mwandiko ulilala kulia. Alikuwa na barua kumi na moja za mwandiko huo.

Alipanda lori kwenda Homa Bay bila kuaga.

Phelesia alipiga simu ofisi ya kampuni, Homa Bay. Caren, wa mapokezi, aliziba chombo kwa kiganja, lakini si sana.

"Machuki! Simu yako. Ni mwanamke."

"Mwambie niko ziwani."

"Anasema yuko ziwani."

"Nimemsikia," alisema Phelesia, akakata. Hakupiga tena. Faili lilikuwa wazi, na karani hajadili faili na mwombaji.

Ombi lilikataliwa. Machuki alirudi Migori kumsihi Mama Kultum aondoe pingamizi. Alimkuta dukani, ndani ya buibui, akipima kitenge.

"Nani alikwambia ni mita ishirini na mbili, mama?"

Mama Kultum alitoa kamba ya katani yenye mafundo. "Fundo moja, mita moja. Kutwa napima majora, mwanangu, kiwanja kitanishinda?"

"Na barua?"

"Mimi nimesoma chuoni, Kurani. Hizi herufi zenu siziandiki. Nilisema, yule binti akaandika. Ndiyo kazi yake pale: asiyeweza huandikiwa. Sahihi yangu iko ukurasa wa pili, kwa Kiarabu. Hukuiona?"

Hakuwa ameutafuta ukurasa huo.

"Niazime kamba," alisema Machuki.

Alivunja zege kwa nyundo siku tisa, akachimba upya nyuma ya stoo: mafundo thelathini na moja. Bosi akamwongezea muda, tangazo likakaa upya, kibali kikatoka. Phelesia alikigonga mhuri bila kuinua macho.

Siku ya ukaguzi alifuatana na mkaguzi, Bwana Ombati, hadi stoo. Redio ilikoroma.

"Migori, hapa Homa Bay. Ova."

Ombati alikuwa akiandika. Akamsukumia Phelesia kipaza sauti.

"Hapa Migori. Tunakupata vizuri. Ova."

Sauti, ya Machuki, ikashuka. "Phelesia? Ova."

"Karani wa vibali. Ova."

"Nilisoma ukurasa mmoja nikakuhukumu. Nisamehe. Nataka kuja kwenu na wazee, kama hakuna anayepinga. Ova."

Sauti nyingine ikaingia, kutoka kisiwani. "Hapa Takawiri. Hakuna anayepinga. Jibu haraka, dada, samaki inaharibika. Ova."

Ombati alicheka hadi kalamu ikaanguka. Phelesia alibonyeza kitufe.

"Tangazo likae siku ishirini na nane," alisema. "Ova."

Siku ya ishirini na tisa, asubuhi, Machuki alibisha hodi kwa kina Phelesia na wazee watatu.

Mlingoti uliteremshwa simu za mkononi zilipoenea. Kamba ipo. Mama Kultum hakuidai, nao waliipimia kiwanja cha nyumba yao: Phelesia akihesabu mafundo, Machuki akirudia kila idadi baada yake.