Mumbua Hachomi Karatasi

"Wewe! Karatasi hiyo umeitoa wapi?"

Ilikuwa siku ya soko mjini Kitui, mwaka wa 1983. Daktari Mumbua alivaa sketi ya suti na viatu vya kisigino, lakini alifoka kama mama mboga. Nyama yake ilikuwa inafungwa kwa karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe: vipimo vya sumu ya mahindi yenye ukungu, kazi ya miaka kumi. Msichana wa kwanza wa kijiji cha Matinyani kusomea kemia ya viumbe, na mkubwa wake ofisini alikuwa ameuza karatasi zake kwa gunia, eti takataka!

"Mimi nilinunua tu, madam," akasema Kisilu, mwenye bucha. Alipoona machozi, alifunga bucha, wakazunguka soko wakizikomboa kwa wachuuzi wengine, hata zenye damu. Kufikia Desemba walikuwa hawaachani.

"Daktari wangu, utanipima lini?"

"Wewe ni mafuta matupu. Nitapima nini?"

Basi mbuzi wa posa wakapelekwa kwa kina Mumbua. Siku hiyo hiyo Syokau, mamake Kisilu, akatoa lake: "Karatasi za sumu haziingii kwa boma langu. Azichome, aache kazi, azae." Kisilu akainama, akaanza kuhesabu mbuzi upya. Hilo lilimuuma Mumbua kuliko maneno ya mama.

Kesho yake simu ikalia ofisini kwa Mumbua.

"Mpenzi, mama ni mzee, unajua..."

"Mpenzi wako nani? Watu walikufa kwa mahindi hayo, Kisilu! Sichomi hata ukurasa."

"Basi nifanye nini?"

"Kaa na mamako." Akakata simu.

Kwa Wakamba, mbuzi akirudishwa, uchumba umekufa. Jumamosi Mumbua akamvuta mmoja mwenyewe, kichwa juu, majirani wakichungulia, mpaka uani kwa Syokau.

"Mama, mbuzi wako huyu. Mume nipate nikose, kazi siachi."

Syokau akanyoosha mkono apokee kamba. Kisilu akamwahi kwa kisu chake cha bucha. Kufumba na kufumbua, mbuzi yuko chini, amechinjwa.

"Kisilu! Umerogwa?"

"Hakuna mbuzi wa kurudishwa, mama. Hii ni nyama. Na karatasi zitakaa kwangu, hata kitandani." Akamgeukia Mumbua, kisu mkononi. "Siku ile niliogopa. Bado unanitaka?"

"Nakutaka. Na Jumatatu niko kazini."

Syokau akasonya, akaingia jikoni. Wakasubiri. Akatoka na karai tupu la kutilia nyama, akamkabidhi Mumbua.