Kizingiti cha Nyanya Mbula

Habari hii niliisikia mara ya kwanza kutoka kwa mjomba wangu Crispus, jioni ya Jumamosi tarehe 16 Desemba 1978, huko Kishushe, majuma mawili baada ya kumzika mama yake, Nyanya Mbula. Tulikuwa watatu ndani ya nyumba ya marehemu: yeye, dada yake Tryphena ambaye ni mama yangu, na mimi. Hakuirudia tena mbele ya mtu. Nimeiandika jinsi alivyoisema, na tarehe nimezihakikisha kwa mama.

Mjomba alikuwa seremala wa reli pale Voi. Hakuoa. Babu Kituku alipofariki mwaka 1969, Nyanya alibaki peke yake Kishushe, katika nyumba ile ile aliyoingia akiwa bibi harusi. Macho yalianza kuingia ukungu. Nyonga ilimsumbua. Mei 1974 alijikwaa kwenye kizingiti cha mlango, akaanguka, akavunjika mkono wa kushoto.

Kizingiti chenyewe kilikuwa jiwe. Jiwe refu, jeusi, lililolala kutoka mwimo mmoja wa mlango hadi mwingine, na kimo chake kilifika nusu ya muundi wa mtu mzima. Tangu utotoni Mjomba na mama yangu walikatazwa kulikalia. Inua mguu, waliambiwa, vuka, endelea. Hawakuambiwa sababu, nao hawakuuliza.

Mjomba alitaka kumhamishia Voi.

"Nikafanye nini Voi?" Nyanya alisema. "Nyumba zenu zimebanana, jirani akikohoa unamwambia pole kupitia ukutani."

"Kuna hospitali karibu, Mama."

"Hata hapa kuna makaburi karibu. Sijaona mtu akihamia mahali kwa sababu hiyo."

Basi Mjomba akachukua likizo, akaja yeye Kishushe na vifaa vyake. Alikaa majuma matatu. Alipiga simiti sakafu nzima na kuisawazisha kwa pima maji. Alipigilia vishikio vya mbao ukutani kutoka kitandani hadi mlangoni, akavipiga msasa mpaka visimchome mtu kibanzi. Kitanda alikiinua kwa matofali ili Nyanya asihangaike kusimama. Jiko alilijenga juu, usawa wa kiuno. Kutoka mlangoni hadi chooni alifunga kamba nene, kwa kimo cha mkono wake, aifuate macho yakimkatalia. Mama yangu anasema hajaona nyumba ya mzee iliyotengenezwa kwa upendo kama ile.

Kilibaki kizingiti.

Jumanne tarehe 30 Julai mama yangu alimpeleka Nyanya hospitalini kutolewa plasta, wakalala huko. Siku hiyo Mjomba aling'oa jiwe kwa mtaimbo, akalibingirisha hadi nyuma ya choo, kisha akapiga simiti mlangoni mpaka pakawa sawa na uwanja. Ungeweza kupita na toroli bila kuruka.

Nyanya aliporudi kesho yake, aliinua mguu juu mlangoni kama kawaida. Mguu ukashuka. Haukugusa jiwe. Alisimama pale, mkono ameshika mwimo.

"Jiwe liko wapi?"

"Nimelitoa, Mama. Si ndilo lililokuvunja mkono?"

Aliipapasa simiti mpya kwa wayo. Mjomba alidhani amekasirika.

"Kwa hiyo mlango uko wazi," Nyanya alisema.

"Uko sawa kabisa. Hata usipoinua mguu unapita."

"Hata usipoinua mguu," Nyanya alisema polepole. Akapita.

Hakumwambia alirudishe. Hilo Mjomba alilitaja mara mbili jioni ile alipotusimulia.

Jumamosi tarehe 10 Agosti Mjomba alirudi Kishushe kumpelekea mafuta ya taa na sukari. Lori la watu wa machimbo lilimshusha njia panda, akatembea. Alipofika jua lilikuwa limetua. Nyumbani taa haikuwa imewashwa.

Kilichomfikia kwanza ni harufu. Mafuta ya mbarika... yale ambayo zamani watoto wachanga walipakwa. Kwetu hakuna aliyeyatumia tangu Vaseline ilipofika madukani.

Kisha sauti.

Pa... pa... pa...

Kama viganja vidogo juu ya simiti.

Alifikiri ni mtoto wa jirani. Halafu akakumbuka kwamba jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya korongo, na watoto wake walikuwa wameshaoa.

Aliingia. Nyanya alikuwa ameketi sakafuni, yeye ambaye kwa miaka mitatu hakuweza kukaa chini akainuka. Miguu ameinyoosha mbele, mikono ameikunjua, kama mtu anayemngoja mtoto amfikie. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani. Madoa mawili, ya mviringo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

"Mama?"

"Shhh." Hakugeuka. "Umemtisha."

Kitu kilipita karibu na kiatu cha Mjomba. Hakukiona. Alihisi tu ubaridi kwenye kifundo cha mguu, kisha sauti ikaenda mbio, pa-pa-pa-pa, hadi chini ya kitanda.

Ikanyamaza.

Alipowasha taa na kuinama, chini ya kitanda hakukuwa na mtu. Lakini juu ya simiti palikuwa na alama za majimaji.

Viganja. Na magoti.

Ndipo Nyanya alipomwambia. Mama yangu hakuwa kifungua mimba kama tulivyojua sote. Kabla yake alikuwapo Muli. Alifariki mwaka wa nzige, 1931, akiwa na miezi minane, mtoto wa kutambaa tu. Walimzika nyuma ya nyumba. Mwezi haukuisha. Kila jioni alirudi, na maziwa ya Nyanya yakakataa kukauka. Akaacha kula. Babu alipoona mke wake anakwisha, alimleta mzee mmoja kutoka Mwanda. Mzee alipima mlango kwa shubiri, akasema jiwe lifike hapa. Anayetambaa hawezi kulivuka.

"Baba yako alilia akiliweka," Nyanya alisema. "Nami nilikaa naye bila kumsamehe mpaka ulipozaliwa wewe."

Mjomba alifunua sufuria. Ugali wa siku mbili, haujaguswa. Alimtazama mama yake. Mifupa ya mabega ilikuwa imejitokeza.

"Hujala, Mama."

"Yeye anakula," alinong'ona.

"Kesho nalirudisha lile jiwe."

"Niachie mwezi mmoja, Crispus. Mwezi mmoja tu. Nikimaliza nitakuja huko kwenu Voi, nikae na huyo jirani wa kukohoa."

"Baada ya mwezi mmoja wewe utakuwa umekufa."

"Miaka arobaini na mitatu amelala nje, baba. Na baridi ya huku unaijua."

Jumapili Mjomba hakwenda kanisani. Alikoroga simiti, akalibingirisha jiwe kulirudisha. Kazi ilimchelewesha, kwa kuwa ilibidi achimbue kwanza ile simiti yake mwenyewe. Nyanya alilala kitandani siku nzima akielekea ukutani. Mjomba aliharakisha. Alitaka amalize kabla ya magharibi, kabla huyo hajaja. Alipiga magoti ndani ya chumba, uso kuelekea nje, akiangalia uwanja ukipoteza nuru. Akapitisha mwiko mara ya mwisho.

Kimya.

Kisha...

Pa... pa... pa...

Nyuma yake.

Ilitoka chini ya kitanda, ikaja moja kwa moja, ikasimama kando ya bega lake. Kiganja kikapiga jiwe. Kikapiga tena. Halafu kilio, chembamba, cha mtoto aliyechoka.

"Hukuangalia kama ametoka," Nyanya alisema kitandani.

Mjomba alinyakua mtaimbo. Lakini Nyanya alikuwa ameshainuka. Alimfuata kwa kushika vile vishikio vya ukutani, akamzuia mkono.

"Liache. Ukilitoa atarudi kwenye baridi. Ila siku nitakayokufa, livunje kabla hamjanitoa. Anisikie nikipita, anifuate. Kabla, Crispus. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nyanya hakuhamia tena Voi. Sasa hakuwa na wa kumngoja kila jioni; alianza kula, na akaishi miaka minne. Mama yangu alizoea kumkuta ameketi sakafuni, akadhani ni uzee. Wanawake wa kanisa waliokuja kumwombea waliulizana kuhusu ile harufu, kisha wakazoea nao.

Nyanya alifariki Alhamisi tarehe 30 Novemba 1978. Jeneza alilitengeneza Mjomba kwa mikono yake. Jumamosi tarehe 2 Desemba nyumba ilijaa watu, kwaya imesimama uwanjani, mchungaji mlangoni na Biblia yake. Mtaimbo Mjomba alikuwa ameuweka tayari nyuma ya mlango. Mwaka ule alikuwa amechaguliwa mzee wa kanisa.

"Haya, ndugu zangu," mchungaji alisema, "tumnyanyue mama yetu."

Mjomba aliutazama mtaimbo.

"Inueni miguu," mtu alisema, "kuna jiwe hapa."

Wanaume sita wakainua miguu. Mjomba alikuwa mmoja wao, ameshika mbele upande wa kulia. Jeneza likavuka jiwe, likatoka.

"Nilijiambia nitalivunja baadaye," alitueleza. "Nilimwonea haya mchungaji."

Watu walipokwisha kula na kuondoka, alilivunja. Alipiga mara nne, likapasuka. Alizoa vipande, akafagia mlango, akaufungua wazi kabisa. Kisha akaenda kukaa kando ya kaburi jipya, hatua kumi na tano kutoka mlangoni, akaita.

"Muli. Njoo. Mama yuko huku."

Alisikia viganja. Vilitoka kitandani vikaenda jikoni. Vilitoka jikoni vikarudi kitandani. Vikaanza kupiga mbao za kitanda, jinsi mtoto anavyopiga akitaka kupakatwa. Mlangoni havikufika. Aliita mpaka sauti ikamkauka.

"Hajui kwamba Mama ametoka," Mjomba alituambia. "Hakusikia miguu yake ikipita. Sisi ndio tuliombeba. Basi anamtafuta humu ndani."

Mama yangu alikuwa analia. "Tumwite mchungaji, kaka."

"Aje amwambie nini, Tryphena? Kwamba mama yake amekwenda?"

Nje kulikuwa kumeanza kuwa giza, na hakuna kati yetu aliyekumbuka taa. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha karibu na jiko. Ndipo nilipoisikia ile harufu. Tamu kidogo, nzito, ya kale. Nilimtazama Mjomba. Yeye alikuwa anaitazama sakafu mbele ya viatu vyangu.

"Alice," aliniambia kwa upole, "inua miguu kidogo. Anapita."

Niliinua.

Ubaridi ulipita chini ya kiti changu, ukaenda zake.

Januari 1979 Mjomba aliacha kazi ya reli, akahamia Kishushe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuyatoa matofali na kukishusha kitanda, ili mbao ziwe usawa wa anayezipiga. Tangu hapo hajalala nje ya nyumba ile. Mazishi ya jamaa hahudhurii kama yako mbali, na watu wengi wa ukoo wamemkasirikia kwa hilo. Mimi na mama tunajua, tunanyamaza.

Mwezi uliopita, Februari 1987, aliniandikia barua. Anasema magoti yamemchoka na macho yameanza ukungu, kama ya mama yake. Anasema nyumba ni nzuri kwa mtu mzima, vishikio viko imara, kamba ya chooni ameibadilisha, na hakuna mahali pa kujikwaa. Ananiuliza kama, wakati wake ukifika, naweza kwenda kukaa huko. Hakuandika kukaa na nani. Anaomba nimjibu mapema, kwa sababu huyo mtoto huchukua muda kumzoea mtu.

Sijamjibu. Nina kazi yangu Voi, na nina watoto wawili, mdogo wao ana miezi kumi. Nimeanza barua mara tatu.

Babu Kituku alifariki mwaka 1969. Mzee wa Mwanda alifariki kabla ya vita vya pili. Mwaka kamili sikuupata. Nyanya Mbula alifariki mwaka 1978. Wanaoijua habari hii walio hai ni mama yangu Tryphena, Mjomba Crispus na mimi. Muli alifariki mwaka 1931, na Mjomba ameandika kwamba hajambo.