Mbwa Hakuja Peke Yake

Siku ya tatu tangu Meja aletwe nyumbani, Abbo aligundua kwamba mbwa huyo hapiti mlangoni moja kwa moja. Akifika kizingitini husimama, husogea kando, hungoja kidogo, ndipo huingia, vile mtu anavyompisha mkubwa wake. Abbo alicheka. Alimwambia mumewe, Othieno, kwamba mbwa huyu ana heshima kuliko mashemeji zake wote.

Walikuwa wamempata kwa shida. Wezi walivunja ghala lao pale kijijini Sikuda mara mbili, na Othieno, ambaye huwajazia madereva wa malori fomu mpakani Busia na hurudi mwisho wa wiki tu, aliona mkewe na binti yao Phiona, mtoto wa miaka sita, hawawezi kuendelea kulala roho juu. Akasikia kuna dada anaitwa Babra, nje kidogo ya mji wa Tororo, anayeokoa Jamani Shepadi, wale mbwa wakubwa wa masikio wima ambao kampuni za ulinzi huwatelekeza zikifilisika. Babra hatoi watoto wa mbwa. Hutoa wazima tu, tena kwa masharti: fomu ya kurasa nne, nyumba ikaguliwe, na mnyororo marufuku. Kuposa binti wa watu ni rahisi zaidi.

"Huyu ana miaka saba," Babra aliwaambia siku ya kumchukua. "Askari wake alifia lindoni, na kampuni ikafunga mwezi ule ule. Tulimkuta bado amelala kando ya kibanda. Mpeni muda. Msimlazimishe kupenda mtu, atachagua mwenyewe."

Kusikia Abbo alisikia. Lakini kwao kila mtu anajua kwamba mbwa mzima hurudi alikotoka, na dawa yake ni moja: unachomoa nywele za mkia wake, unazifukia chini ya figa, kisha unamlisha tonge lililokaa kwapani mwa yule atakayekuwa bwana wake. Nywele Abbo alizichomoa mbwa akiwa amelala, akazifukia. Lakini Othieno alikuwa amerudi mpakani, na kumlisha kwa mkono Abbo mwenyewe aliyaogopa meno yale. Kwa hiyo tonge likawekwa kwapani mwa Phiona. Mtoto alilitoa kwa furaha, akasema maneno aliyofundishwa na mama yake: "Kwako ni hapa. Mimi ndiye bwana wako. Nilinde."

Meja alikula nusu. Nusu aliiacha chini, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa. Abbo aliingia jikoni kunawa mikono, na alipotoka ile nusu haikuwapo, wala mbwa hakuwa amesogea.

"Kuku," alijisemea.

Baadaye ilikuja harufu. Kilikuwa kiangazi kikali, vumbi limetanda hadi kwenye masufuria, lakini chumba cha Phiona kilinuka sweta lililoloa mvua na rangi ya kiwi ya viatu, na katika nyumba ile hakukuwa na kiatu kimoja cha kupigwa kiwi. Kisha zikaja hatua. Kila jioni saa kumi na mbili kamili, buti nzito zilisikika zikikanyaga changarawe kuizunguka nyumba, mzunguko mmoja tu, na Meja aliinuka akazifuata, akitembea taratibu, akiacha kati yake na ukuta nafasi ya mtu mmoja.

Abbo alimpigia mumewe simu akiwa amejifungia jikoni.

"Kuna mtu nazunguka nyumba," alinong'ona.

"Mwizi?"

"Mwizi hawezi kuja saa ile ile kila siku."

"Na mbwa nafanya nini?"

"Nazunguka na yeye."

 Othieno akasema atakuja Jumamosi.

Alhamisi Phiona akaamka na homa. Abbo alichukua maji na dawa, akamkuta Meja amesimama mlangoni mwa chumba, midomo imekunjuka, akinguruma kwa sauti ya chini. Akamvuta nje kwa kipande cha nyama, akamfungia uani, akarudi mbio. Mlango wa chumba kile haukuwa na komeo wala kitasa, lakini alipousukuma haukusogea, na alipousukuma tena kwa bega alihisi upande wa pili kitu laini chenye uzito, kinachopumua, kikiusukuma kurudi.

"Mama, usikuje," Phiona alisema ndani, taratibu. "Askari nasema hakuna ruhusa."

"Askari gani, mwanangu?"

"Ile ya Meja. Iko hapa kwa mguu ya kitanda."

Abbo alizunguka hadi dirishani, akapitisha chupa ya maji katikati ya nondo. Chupa ilirudi nje, imejaa vilevile, ikawekwa kwenye ukingo wa dirisha kwa uangalifu. Alimpigia mumewe simu tena, akamwambia asingoje Jumamosi. Alikaa chini ya dirisha lile mchana na usiku, akimsikia mwanawe akiomba maji kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo.

Ijumaa, jua likiwa la utosi, Othieno alifika kwa bodaboda pamoja na Hajati Sakinah, mwanamke wa Busia anayeuza mikeka sokoni na kuwasomea wenye majini. Hajati alimwona mbwa uani, akakusanya gauni lake, akasimama nje ya dirisha.

"Mimi siingii," alisema kwa sauti ya chini. "Nambieni mlifanya nini."

Abbo alimweleza yote, hata la tonge. Hajati alitikisa kichwa.

"Kila mtu nazaliwa na jini yake, karini. Mtu nakufa, karini nabaki. Hii ilikuwa nafuata mbwa tu, haina kazi. Nyinyi mkaipa kazi."

"Sisi tulifunga mbwa, Hajati."

"Mlifunga kila mtu alikuwa amesimama pale."

Akamwamuru Othieno ang'oe figa. Chini yake zilikuwapo nywele nyeusi za mkia, na pamoja nazo, zimesokotwa kwa mkono, nywele fupi ngumu za binadamu, zenye mvi. Othieno alizichoma zote. Hajati alianza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya kiwi ilivyomwagika dirishani, nzito, ya kuchoma macho, na buti zikaanza kutembea ndani ya chumba, kutoka kitandani hadi mlangoni na kutoka mlangoni hadi kitandani, haraka, halafu haraka zaidi, na Meja kule uani akalia kilio ambacho Abbo hakuwahi kukisikia kwa mbwa, na Abbo akang'ang'ania nondo za dirisha akimwomba Mungu achukue nyumba, achukue ghala, amchukue hata yeye, amwachie mtoto.

"Sasa mtoto mwenyewe aseme," Hajati alisema. "Mdomo uliofunga ndio unafungua. Phiona, sema, muende wote wawili."

Midomo ya Phiona ilicheza muda mrefu. Walisikia neno moja tu, nenda.

Buti zikanyamaza. Meja aliruka ua, akashika barabara ya kwenda Tororo bila kugeuka. Mlango wa chumba ukafunguka wenyewe, polepole, na Abbo akaingia, akamkumbatia mwanawe aliyekuwa akiwaka moto, akamnywesha maji funda kwa funda, akalia kwa sauti.

"Ulikuwa nanong'ona nini vile, mwanangu? Ulikuwa naongea na nani?"

"Meja nimemwambia aende," Phiona alisema, macho yake yakitazama juu ya bega la mama yake. "Huyu mwingine amelia, Mama. Nasema hana kwao. Nimemwambia abaki."

Abbo alimkaza zaidi kifuani. Ndipo alipohisi vidole vya baridi vikiushika mkono wake, vikaanza kuubandua kutoka mgongoni mwa mtoto, kidole kimoja baada ya kingine, kwa upole, bila haraka yoyote.