Picha Tatu Zilizobaki

Kihara alishtuka kukuta filamu ndani ya kamera kuukuu aliyonunua Nanyuki. Fowsia, mjane aliyemuuzia, alishtuka zaidi.

"Mzee wangu alitoa hiyo filamu kabla akufe," alimnong'onezea kwa simu. "Imejirudisha. Alikuwa anasema kuna jini ndani, inataka mtu. Ndugu yangu, toa uchome. Usiimalize."

Lakini Kihara huyo, jamani! Studio yake ya Gatitu ilikuwa imefufuka kwa vijana wanaolilia picha za kizamani, na mtu wa filamu hatupi nafasi tatu za picha zilizobaki. Akamsimamisha Lynn, binti yake wa miaka minane, mbele ya ukuta, akapiga zote tatu.

Tangu hapo Lynn hakucheka. Alikaa sebuleni bila kupepesa macho, nyumba nzima ikinuka udi ambao hakuna aliyeuchoma.

Mchana huohuo Kihara alijifungia chumba cha giza cha pale nyumbani aioshe filamu, aone picha alizompiga mtoto. Aliitumbukiza kwenye beseni la dawa, akaipitisha huku na huku kwa mikono, haoni hata pua yake, na ndani ya dawa ile baridi vidole vidogo vikamshika.

"Baba, usifungue mlango," ikasema sauti ya Lynn kutoka kwenye beseni. "Niko huku."

Mlango ukagongwa.

"Baba, fungua!" Nje pia ilikuwa sauti ya Lynn. "Naogopa. Uko na mtu huko ndani."

Mtoto wa mpiga picha hajawahi kugonga mlango ule filamu ikioshwa. Anajua mwanga ukiingia kila kilichomo kwenye filamu kinaungua. Kihara alilijua hilo vizuri, lakini vile vidole vilikuwa vinampanda mkono, vinafika kwenye kiwiko, na woga ukamjaa hadi akasahau kila kitu isipokuwa kwamba anataka mwanga, mwanga tu, sasa hivi. Akafungua.

"Baba!" kikalia kitu kwenye beseni, mara moja. Filamu ikawa nyeusi yote.

Yule wa mlangoni akamkumbatia kiunoni, akacheka. Mkewe Watiri akaja mbio kutoka jikoni.

"Afadhali umecheka, mum!" akamwambia mtoto. " Nilidhani uko mgonjwa."

Mpaka leo Kihara humfunga yule mtoto kamba za viatu, humpeleka shule, humwita Lynn. Watiri ana furaha, na yeye hana moyo wa kumwambia kwamba binti yao alimsihi asifungue, naye akafungua.